Mavyaa ana kichupa cha karafuu, mimi nina mtoto wa wiki kumi

Shikamoo Bibi,

Jina langu naomba libaki nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Iramba, Singida. Nimeolewa na Mpemba wa Wete, tunaishi Unguja. Nina miaka 26 na mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ametimiza wiki kumi juzi.

Mavyaa wangu alivuka bahari wiki moja kabla sijajifungua, akaja kunilea. Sina baya la kumsema. Arubaini yangu yote alinitunza: maji ya moto, uji wa pilipili manga, kukandwa kiuno, mtoto kuogeshwa na kukandwa asubuhi na jioni. Kuna usiku nililia bila sababu, akanilaza mapajani kwake kama mtoto wa kumzaa. Nayaeleza haya ujue kuwa siandiki kwa chuki.

Tatizo ni mafuta. Alikuja na kikapu chenye uto wa nazi aliopika mwenyewe, chupa ya nyonyo, yale mafuta ya mbegu za mbono, na kichupa cha rangi ya kahawia cha mafuta ya karafuu alichonunuliwa na mpwa wake huko Chake Chake. Uto wa nazi anampaka mtoto mwili mzima. Nyonyo anamtia kitovuni. Karafuu ndiyo dawa ya kila kitu. Mtoto akianza kulia jioni na kujinyonganyonga, anasema ni chango: anamsugua tumboni na utosini, kisha anamtia tone moja ulimini. Pua ikiziba, anamdondoshea uto wa nazi puani, na karafuu kidogo ndani yake ili ifungue njia.

Alhamisi iliyopita baada ya Magharibi alimdondoshea hivyo. Mtoto alipaliwa, akakohoa mpaka akabadilika rangi, na tulipomvua nguo tukaona tumbo limekuwa jekundu na vilengelenge viwili vidogo. Tulikimbilia kituo cha afya. Muuguzi wa zamu alisikia harufu ya karafuu tangu mlangoni, akasema mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni: "Nyinyi na mafuta yenu mtamuua mtoto huyu." Mavyaa hakujibu. Mimi pia nilinyamaza. Mtoto alipimwa, tukakaa pale mpaka saa sita usiku, tukaruhusiwa. Bado anakohoa kidogo.

Tangu siku ile mavyaa hali vizuri na mtoto hamshiki. Anasema akipata boti ya Jumamosi anarudi kwao. Mume wangu ananiambia, "Mama amelea saba kwa mafuta hayo hayo, na mimi nimo. Kwani nimekufa?"

Na mimi nisijitie usafi. Kwenye simu nilinunua chupa tatu kwa muuzaji mmoja: mikaratusi, mwarobaini na mchaichai. Tangazo lilisema ni asilia asilimia mia na hayana madhara hata kwa kichanga. Mikaratusi nimekuwa nikidondoshea kwenye mto wa mtoto ili apumue vizuri. Mwarobaini nilitaka kumpaka kwa ajili ya mbu na vipele vya joto. Tena, nilipofika wiki ya 39, jirani aliniambia ninywe vijiko viwili vya nyonyo uchungu uje. Niliharisha tangu asubuhi hadi alasiri, na uchungu ulikuja siku nne baadaye. Hilo sijamwambia mtu.

Bibi, nauliza. Mafuta haya yana madhara kweli, au yule muuguzi alikuwa na hasira zake? Chupa hizi zote nizitupe? Na mavyaa nimwambie nini asiondoke na donge moyoni?

Mama wa Kwanza, Unguja

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya mavyaa na kabla ya chupa, tuanze na mtoto anayekohoa.

Akiwa ametulia, si analia wala ananyonya, mfunue kifua uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa yenye sekunde. Mtoto aliyevuka miezi miwili akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, hizo ni pumzi za haraka. Ukiona hivyo, au mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, au amekataa titi, au ana homa, au analala kwa namna ambayo huwezi kumwamsha vizuri, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Hata kama yote haya hayapo, kikohozi kilichoanza kwa mafuta ya puani kinatakiwa kuangaliwa tena. Mrudishe wiki hii, na useme maneno haya kama yalivyo: "Alidondoshewa mafuta puani akapaliwa." Usione haya ukasema ana mafua tu. Daktari akijua kuna mafuta, atatafuta kitu kingine kabisa.

Nakusisitizia hivyo kwa sababu mafuta ni laini, hayaliwashi koo kama maji yanavyofanya. Yanaweza kuteleza hadi mapafuni mtoto akiwa amekohoa kidogo tu au hakukohoa kabisa. Yakishafika huko mapafu hayana njia nyepesi ya kuyatoa, na yanaleta nimonia isiyosikia dawa za kawaida za kuua vijidudu, kwa kuwa kinachosumbua si kijidudu. Madaktari wa mkoa wa Asir, Saudi Arabia, waliwahi kueleza nimonia hiyo kwa watoto wachanga waliotiwa samli mdomoni na puani, desturi ya wazee wa huko kama ilivyo desturi ya wazee wetu. Samli safi kabisa, wanayoila watu wazima kila siku. Ubaya ulikuwa kwenye njia iliyopita. Kwa hiyo puani hapaingii mafuta ya aina yoyote, hata tone, hata uto wa nazi uliopikwa na malaika. Pua ikiziba, tumia matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, kisha mnyonyeshe akiwa ameinuliwa kidogo.

Sasa kichupa cha kahawia.

Mavyaa wako hakuzua. Pwani nzima imelea watoto kwa karafuu, na mimi niliyefanya kazi wodi ya watoto miaka 31 nililelewa hivyo na bibi yangu. Lakini nikumbushe bibi alifanya nini. Alichukua punje chache za karafuu, akazikaanga kidogo au akaziponda, akazitumbukiza kwenye uto wa nazi, akaacha chupa juani siku kadhaa. Uto ulinukia karafuu. Ulikuwa ni uto wa nazi wenye karafuu kidogo.

Kilichomo kwenye kichupa cha Chake Chake ni kitu kingine. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda, na Wapemba wote wanakijua, kinachochukua makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na kuyapitishia mvuke. Mvuke unabeba mafuta, unapozwa, mafuta yanatengwa na maji. Yanayopatikana ni kiini kitupu, na sehemu yake kubwa mno ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo ndiyo harufu ya karafuu na ndiyo ganzi yake. Karafuu kavu ina mafuta hayo kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Piga hesabu: kijiko kimoja cha chai cha mafuta yale ni sawa na kubana karafuu gramu 30 hivi, punje zaidi ya mia mbili. Bibi yangu katika maisha yake yote hakumwekea mtoto punje mia mbili kwa mpigo.

Kwa hiyo mume wako anaposema mama alilea saba kwa mafuta hayo hayo, mwulize kwa upole: ni hayo hayo kweli? Mtu wa Wete miaka thelathini iliyopita alikuwa na karafuu kwenye jamvi, na huenda hakuwa na kichupa cha kiwandani. Jina limebaki lilelile, kilichomo ndani kimebadilika, na hakuna aliyemwambia mavyaa wako. Hapo ndipo penye kosa, na si lake.

Yujenoli kali inaunguza ngozi. Ngozi ya mtoto wa wiki kumi ni nyembamba, na eneo la ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo anafyonza zaidi kuliko mimi na wewe. Vile vilengelenge viwili ni hiyo. Ikiingia tumboni inakwenda kwenye ini. Katika vitabu vya udaktari wamo watoto wa umri wa mwaka mmoja na miwili waliokunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu, wakapoteza fahamu na ini likashindwa kazi. Tone moja si mililita kumi, sikutishi. Ila wako hana mwaka, ana wiki kumi, na tone la leo likirudiwa kila jioni hakuna anayejua limefika wapi. Tena hata lisingekuwa na sumu, mtoto chini ya miezi sita anatakiwa maziwa ya mama tu, asiongezewe hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa.

Na chango? Lile la jioni, mtoto anakunja miguu, anakuwa mwekundu, halisikii titi wala wimbo. Kwa watoto wengi hufikia kilele karibu na wiki ya sita, na likifika mwezi wa tatu au wa nne linaondoka lenyewe. Ndiyo maana kila dawa ya chango husifiwa: mtoto angepona tu. Mbebe wima baada ya kunyonya mpaka apige mbweu. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ukiwa unatembea naye. Mkande tumbo kwa kiganja chenye uto wa nazi mtupu, kuzunguka kitovu kufuata mwendo wa mshale wa saa, magoti ukiyasukuma taratibu kuelekea tumboni. Mikono ya mavyaa inajua kazi hii kuliko yako, na nadhani kilichokuwa kikimtuliza mwanao siku zote ni ile mikono.

Kichupa chenyewe usikitupe. Kina kazi, ila kwa watu wazima. Madaktari wa meno wanachanganya yujenoli na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda, hivyo mtu mwenye jino linalouma usiku akisubiri kulipeleka asubuhi anaweza kugusisha pamba yenye tone moja kwenye jino, asimeze, wala asirudie siku nzima maana fizi zitaungua. Kuchua magoti, matone matatu ndani ya vijiko viwili vikubwa vya uto wa nazi yanatosha. Matatu, si kofia ya chupa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiyaguse bila kumwuliza daktari. Na mtoto anayeota meno asipakwe kwenye fizi, hata kama tangazo linasema hivyo.

Nikuonyeshe namna ya kuzigawa chupa zako zote, maana mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye neno hili moja, mafuta. Kuna mafuta ya kukamua: nazi, alizeti, ufuta, zeituni, nyonyo. Haya ni mazito, ukiyadondoshea karatasi yanaacha doa la kudumu. Na kuna yale ya mvuke: karafuu, mikaratusi, mchaichai, mnanaa. Hayo ni mepesi, doa lake kwenye karatasi hupungua au kutoweka kadiri yanavyoruka, na nyumba nzima inanukia. Ya kwanza unayapaka. Ya pili unayadondoshea ndani ya ya kwanza kwa kuhesabu, na kwa mtoto mdogo huyatumii kabisa. Neno asilia haliwezi kukusaidia hapa, kwa sababu yote ni asilia. Hata tui la mhogo mchungu ni asilia.

Mikaratusi iondoe leo. Mafuta yake karibu na pua ya kichanga yanaweza kuibana njia ya hewa badala ya kuifungua, na mtoto akiyameza anaweza kupata degedege au kulala usingizi mzito ndani ya nusu saa. Nilimpokea wodini mtoto wa miaka miwili aliyekunywa kutoka kwenye chupa ya soda. Mama alikuwa ameyahamishia humo ili ampe jirani nusu. Alipona, ila siku mbili zile mama yake hakuketi. Na huo mto mwanangu uondoe nao. Kichanga halazwi kwenye mto, analazwa chali kwenye godoro gumu kidogo, peke yake, ndani ya chandarua. Mafuta ya kuchua yenye kafuri na menthol yako kundi hilohilo: soma karatasi yake, chini ya miaka miwili hairuhusiwi.

Kwa kuwa nimetaja vyenye kunukia, nitoke kidogo nje ya mafuta. Zile punje nyeupe za kuzuia nondo kabatini zisikae na nguo za mtoto. Huku pwani, kwa sababu ya historia yetu ndefu ya malaria, wapo watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao wakivuta au kuvikwa nguo zenye nafthalini damu yao inaweza kuvunjika na macho yakageuka manjano. Wazazi hawajui mpaka itokee.

Mwarobaini ndio ulionishtua zaidi, kwa sababu ulikuwa bado hujautumia na ulikuwa na nia njema kabisa. Majani yake tunaogea na kufukizia, hayo yana historia yake. Mafuta ya mbegu ni jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Malaysia madaktari walieleza habari za watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kwa mdomo kwa ajili ya maradhi madogo tu, mafua na mengineyo: wakatapika, wakalegea, wakapata degedege, ubongo na ini vikaathirika, na wengine hawakupona. Kwa mtoto usiyapake, maana anachopakwa mkononi ndicho anachonyonya. Kwa mbu ana chandarua. Mchaichai wako tumia barazani jioni kama unapenda harufu, ukijua huruka haraka na hauchukui nafasi ya chandarua.

Nyonyo. Kwanza kitovuni: kitovu kikishakauka hakuna mlango pale. Mishipa iliyokuwa ikimlisha tumboni mwako imeshafunga, mafuta yanakaa juu na kukusanya uchafu. Kiache kikavu, basi. Sumu ya mbegu za mbono, ambayo ni kali sana, hubaki kwenye mashudu na haiingii kwenye mafuta, kwa hiyo nyonyo aliyotiwa haikumdhuru. Mbegu zenyewe ndizo zisionekane nyumbani penye mtoto anayetambaa.

Na ile siku yako ya nyonyo ya wiki ya 39, nashukuru umeniambia. Umebeba kwa wiki kumi jambo ambalo wanawake wengi wamelifanya. Mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwa panya jinsi nyonyo inavyofanya kazi: asidi yake inagusa swichi ile ile iliyo kwenye misuli ya matumbo na iliyo kwenye mji wa mimba. Ndiyo maana huwezi kuiamuru iende kwenye mji wa mimba na iyaache matumbo. Mwingine anaharisha tu kama wewe, mwingine anapata mikazo mikali asiyoweza kuidhibiti, na aliyewahi kupasuliwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Mimba ijayo, wiki zikipita, nenda kliniki. Hii ya juzi imekwisha, mtoto ni mzima, jisamehe.

Sasa nikupe furaha kidogo. Nyumbani kwenu Singida kuna alizeti, na nina hakika mama yako amekutumia dumu. Kwenye hospitali moja ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh, watoto njiti walipakwa mafuta ya mbegu za alizeti kila siku, na utafiti uliotoka 2005 ulionyesha kuwa maambukizi ya hospitali kwao yalipungua kwa kama asilimia 40 kuliko wasiopakwa. Sababu ni kwamba alizeti ya kawaida ina wingi wa asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujijenga ukuta wake. Zeituni, tunayoiheshimu sana, ina kidogo mno ya asidi hiyo, na imeonekana kuudhoofisha ukuta huo hata kwa mtu mzima, hivyo kwa ngozi ya kichanga nisingeichagua. Wako si njiti, kwa hiyo usitarajie miujiza. Ila mafuta ya kwenu na uto wa nazi wa mavyaa yote mawili yanafaa kukandia mtoto, mradi hayajachacha. Yanuse kwanza, yakinukia kama rangi ya zamani, yawashie taa. Jaribu kidogo mkononi pa mtoto, subiri mpaka kesho, ukiona ngozi imetulia endelea. Wanaonitumia ujumbe wakiuliza kama uto wa nazi unazuia jua: hauzuii, na kwa mtoto mwenye ualbino kuutegemea ni hatari.

Chupa za mvuke zote zihamie kwenye kabati la juu linalofungwa, kwenye vichupa vyake vya asili vyenye majina. Ikitokea mtoto yeyote amekunywa, msimtapishe, kwa sababu yakipanda tena yanaweza kuingia mapafuni, kama mafuta ya taa. Msimpe maziwa wala maji ya majivu. Mfuteni mdomo, chukueni kichupa, nendeni hospitali bila kungoja dalili. Yakimwagikia ngozi, yafuteni kwanza kwa mafuta ya kula, ndipo mwoshe kwa sabuni, maana maji peke yake hayayaondoi.

Nimebakiza mavyaa.

Muuguzi yule alikuwa na haki juu ya mafuta na hakuwa na haki juu ya ulimi wake. Nasema hivyo nikiwa muuguzi. Ukimfedhehesha bibi mbele ya foleni, kesho akimtia mtoto kitu atakificha, na sisi tutapoteza lile tone la habari linalookoa maisha. Mavyaa wako alisimama pale akahukumiwa kwa kosa la kichupa ambacho mpwa alimpa kama zawadi, na mtu wake wa karibu kabisa pale, ambaye ni wewe, alinyamaza. Nadhani hilo la pili ndilo linalomnyima chakula.

Kwa hiyo usianze na mafuta. Anza na kunyamaza kwako. Mwendee asubuhi akiwa peke yake, keti chini yake, umwambie: "Mama, siku ile nilipaswa kusema neno nikashindwa. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Jibu lake lipe muda, hata kama ni siku nzima. Mume wako naye asikurushie wewe mzigo. Yeye ndiye mwana, amwambie mama yake kwamba hakuna anayemfukuza na kwamba boti ya Jumamosi iende bila yeye.

Akishalegea, mwulize swali moja la kweli, si la mtego: mama yake yeye, huko Wete, alikuwa anaitengenezaje karafuu ya watoto? Mwache asimulie. Nina hakika atataja punje, uto, jua. Hapo mwekee kile kichupa mkononi, mwambie kimekamuliwa kwa mvuke huko Wawi, mwambie na ile hesabu ya punje mia mbili. Mwanamke aliyechambua karafuu tangu utotoni anajua punje mia mbili ni nyingi kiasi gani kuliko wewe na mimi. Kisha mwombe awapikie uto mpya wa nazi, mtupu, wa mjukuu, na mwingine wenye karafuu kwa ajili ya magoti yake mwenyewe, na ule wa magoti usimguse mtoto.

Kliniki ya kumrudisha mtoto nendeni wote wawili. Mavyaa ndiye ambebe. Mkiulizwa kilichotokea, mwache aeleze yeye: alimdondoshea kiasi gani, saa ngapi, mtoto alikohoa vipi. Anayajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa amemshika. Mkitoka huko niandikie pumzi zilihesabiwa ngapi.